Kosa la Mwaloni Hulipwa Ziwani

Ndugu msomaji, mwezi huu twende safari. Tutaanzia Mwanza mjini. Tutapanda meli hadi Nansio, makao makuu ya wilaya ya Ukerewe. Kisha tutavuka hadi kisiwa cha Ukara. Njiani tutajifunza jambo moja kubwa: namna ya kutunza injini ya boti, na namna ya kujiokoa pale tunapokosea.

Ziwa Victoria ni kubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 68,800 hivi. Karibu nusu yake iko Tanzania. Sehemu nyingine ziko Uganda na Kenya. Mahali penye kina kirefu, maji yanafika karibu meta 80. Mtu aliye katikati ya ziwa haoni nchi kavu upande wowote. Injini ikizima hapo, hakuna duka la vipuri wala fundi.

Kwa hiyo watu wa ziwani wanajua jambo hili: injini huharibikia ziwani, lakini kosa huanzia mwaloni. Mwalo ni mahali boti zinapofikia na kushusha samaki. Hapo ndipo injini hufunguliwa, hufungwa, na kutiwa mafuta. Hapo ndipo safari yetu inapoanzia.

MWALONI KIRUMBA

Soko la samaki la Mwaloni liko Kirumba, katika jiji la Mwanza. Wafanyabiashara hutoka mikoa mingi na hata nchi za jirani, kama Kongo na Burundi. Wanakuja kununua dagaa na sangara. Magunia ya dagaa hupangwa hadi juu. Boti zinaingia na kutoka. Sauti za injini hazikomi.

Zamani wavuvi wengi walitumia makasia na matanga. Sangara alipandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960. Baadaye aliongezeka sana. Viwanda vya samaki vikajengwa, na wavuvi wakaanza kwenda mbali kumfuata. Samaki akikaa muda mrefu juani huoza. Hivyo injini ya kupachika ikawa chombo cha kazi, kama jembe kwa mkulima.

Injini hiyo ni ghali. Mvuvi mwingine huinunua kwa mkopo. Ikiharibika, deni halisimami. Ndiyo sababu utunzaji wake ni jambo la nyumba nzima: chakula, ada ya shule na dawa.

Kijana akileta injini iliyogoma, husema, "Shikamoo mzee, injini imekataa kuwaka." Fundi mzee hujibu, "Marahaba. Jana uliifanya nini?"

Swali hilo ni zuri. Fundi anataka kujua ni nani aliyeifungua, na alifungua wapi. Kijana akieleza ukweli, kazi huchukua muda mfupi. Akificha, fundi atafungua kila kitu, na nati nyingi zitachakaa bure. Mficha maradhi kifo humuumbua. Na mficha kosa la injini, ziwa humuumbua.

KOSA LA KWANZA: MAFUTA

Injini za boti ziko za aina mbili. Aina ya kwanza huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Aina ya pili ina oili yake mahali pake, na petroli hutiwa peke yake. Ni lazima ujue yako ni ya aina gani. Ukikosea, unaiua injini.

Injini nyingi za kuchanganyiwa, zikishazoea kazi, hutaka lita 1 ya oili kwa lita 50 za petroli. Basi dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili. Injini mpya hutaka oili zaidi katika saa zake za mwanzo. Nyingine zina vipimo tofauti. Soma kitabu cha injini yako. Soma na maandishi ya kwenye kopo la oili. Hii ni faida moja ya kujua kusoma.

Usipime kwa macho. Chukua chupa, uitie alama ya mililita 400, uitumie hiyo siku zote.

Je, ukishakosea utafanya nini?

Ukisahau oili, injini hupata joto na kupoteza nguvu. Izime mara moja. Iache ipoe yenyewe. Usiimwagie maji baridi. Tia oili kwa kipimo cha petroli iliyobaki, kisha utikise dumu. Ikipoa, vuta kamba polepole. Ikiwa nzito au imekwama, usiilazimishe. Piga kasia urudi, umpelekee fundi.

Ukizidisha oili, moshi huwa mwingi na plagi huwa nyeusi yenye unyevu. Ongeza petroli hadi kipimo kiwe sawa. Safisha plagi na uikaushe.

Maji yakiingia katika petroli, mimina kidogo ndani ya chupa inayoonyesha ndani. Ngoja. Maji yatashuka chini na petroli itabaki juu. Ukiona hivyo, usitumie mafuta hayo hadi maji yatengwe. Usiyamwage ziwani. Tunakunywa maji hayo hayo.

KOSA LA PILI: MAJI YA KUPOZA

Injini ya boti hupozwa na maji ya ziwa. Pampu ndogo yenye mabawa ya mpira huvuta maji kutoka chini na kuyapandisha juu. Maji hayo hutoka nje kama uzi mwembamba. Uzi huo ukionekana, injini inapoa. Usipoonekana, injini inaungua.

Kuna watu ambao huwasha injini ikiwa nchi kavu ili "kuisikiliza kidogo tu." Kidogo hicho chatosha kuharibu pampu. Mpira bila maji husuguana na chuma na kukatika. Ukitaka kujaribu injini, itumbukize kwanza katika pipa la maji.

Katika ghuba nyingi za ziwa hili kuna magugu maji. Katika miaka ya 1990 yalifunika sehemu kubwa za ufuko. Hata sasa huja na kuondoka na upepo. Mizizi yake, pamoja na mifuko ya plastiki, huziba matundu ya kuvutia maji. Uzi wa maji ukikatika, zima injini. Iinue. Ondoa takataka. Ishushe, uiwashe, utazame tena.

Kosa jingine hutokea baada ya kubadilisha pampu. Fundi mwenye haraka hurudisha sehemu ya chini bila kuingiza bomba la maji mahali pake. Injini huwaka vizuri na kila mtu hufurahi. Lakini maji hayapandi. Dawa yake ni moja: usilipe wala usiondoke kabla ya kuona uzi wa maji.

KOSA LA TATU: NGUVU NYINGI

Mwili wa injini ya boti ni wa alumini. Alumini ni laini kuliko chuma cha plagi na bolti. Mtu akianza kufunga plagi kwa spana, huenda ikaingia upande. Meno ya alumini hukatika. Anza kufunga kwa vidole. Ikiwa nzito, itoe na uanze upya. Spana ni ya kumalizia tu.

Meno yakishakatika, usijaze gundi wala uzi. Plagi itaruka. Fundi anaweza kuchonga na kutia meno mapya. Gharama yake ni ndogo kuliko injini.

Na oili ya gia je? Injini ina tundu mbili upande wa chini. Oili hutiwa kwa tundu la chini hadi itoke tundu la juu. Ukitia kwa juu, hewa hubaki ndani na gia hukaa bila oili ya kutosha. Ukikuta oili imekuwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Tazama washa za bizimu zake. Fungua na pangaboi. Mara nyingi nyuzi za nyavu hujizungusha nyuma ya pangaboi na kukata mpira unaozuia maji.

MELI KUBWA NAZO HUTENGENEZWA

Usidhani makosa na matengenezo ni ya boti ndogo tu. Pale Mwanza Kusini kuna bandari na chelezo. Chelezo ni mahali meli hupandishwa ili itengenezwe.

Meli ya MV Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961. Ilijengwa Uingereza, ikaletwa kwa vipande, ikaunganishwa Kisumu. Ilihudumu miaka mingi kati ya Mwanza na Bukoba. Mwaka 2014 ilisimama kwa ubovu. Watu wakapata taabu ya usafiri. Ilitengenezwa Mwanza na kuwekewa injini mpya. Mwaka 2020 ilirudi kazini.

Hapo tunajifunza kwamba chombo kikongwe kinaweza kurudi kazini kikipata matengenezo kamili. Kukipaka rangi tu hakutoshi.

KUELEKEA NANSIO

Sasa tunaondoka. Meli ya Nansio hutokea bandari ya Mwanza Kaskazini. Tunaacha nyuma jiwe la Bismarck, lile linalosimama majini kama limewekwa kwa mkono. Vilima vya mawe vinabaki nyuma. Upepo unaanza. Safari ni ya saa tatu hivi, kulingana na chombo na hali ya ziwa.

Mkono wa kulia, mbali, iko pwani ya Magu. Huko kuna mahali paitwapo Kageye. Mwaka 1875 Mzungu aitwaye Henry Morton Stanley alifika hapo na msafara wake kutoka Bagamoyo. Wapagazi walibeba mashua yake kwa vipande, safari ya zaidi ya miezi mitatu kwa miguu. Iliitwa Lady Alice. Vipande viliunganishwa Kageye, na mashua ikazunguka ziwa lote kwa makasia na tanga.

Fikiri, ndugu msomaji. Kama kipande kimoja tu kingepotea porini, mashua hiyo isingeelea. Kazi ya wapagazi ilikuwa kutunza kila kipande hadi mwisho.

Nasi tufungue injini kwa utaratibu huo. Tandika kitambaa safi au turubai. Usifungulie juu ya mchanga wala ndani ya boti inayoyumba. Panga vipande kwa mstari, kile cha kwanza kutoka kiwe mwanzo. Nati ndogo zitie katika kopo. Andika katika daftari kila ulichofungua. Wakati wa kurudisha, anza na cha mwisho. Ukimaliza na kopo likabaki na nati moja, usiseme, "Hii ni ya ziada." Kiwandani hawakutia nati ya ziada. Rudi utafute mahali pake.

NANSIO HADI BUGOLORA

Ukerewe ni kisiwa kikubwa chenye watu wengi. Wilaya yake ina visiwa 38. Mtoto akiugua katika kisiwa kidogo, boti ndiyo gari la wagonjwa. Mwalimu hufika kwa boti. Sukari na sabuni hufika kwa boti. Kwa hiyo injini moja ikiharibika, kijiji kizima huona.

Toka Nansio tunapita nchi kavu hadi Bugolora, upande wa kaskazini wa kisiwa. Hapa tujifunze mambo mawili ya dharura.

Jambo la kwanza: injini ikitumbukia majini.

Hutokea skrubu za kushikia injini zikilegea. Kinga yake ni kamba. Funga injini kwenye boti kwa kamba imara, hata kama skrubu zimekazwa. Ikitumbukia, fanya hivi siku hiyo hiyo:

1. Usivute kamba ya kuwashia. Maji yakiwa ndani ya silinda hayabanwi. Ukivuta kwa nguvu, fimbo ya pistoni itapinda.

2. Suuza injini kwa maji safi. Ondoa tope na mchanga.

3. Chomoa klipu ya kuzimia, ili kusitokee cheche. Usivute sigara wala kuweka taa karibu.

4. Toa plagi. Laza injini ili matundu ya plagi yatazame chini. Vuta kamba polepole hadi maji yaishe. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, acha. Ipeleke kwa fundi.

5. Toa petroli yote ya zamani pamoja na iliyo katika kabureta. Kausha.

6. Tia oili kidogo katika matundu ya plagi. Vuta kamba polepole mara kadhaa.

7. Rudisha plagi kavu na klipu. Tia petroli mpya. Washa injini ndani ya pipa la maji, uiache ifanye kazi nusu saa.

Kama fundi yuko mbali na huwezi kuifanya kazi hiyo leo, iache injini ndani ya pipa la maji safi. Watu wengi hushangaa. Lakini chuma chenye maji kikipata hewa ndipo kutu huanza haraka. Injini iliyoachwa juani siku mbili bila kusafishwa huwa imekufa.

Jambo la pili: injini ikizima ziwani.

Kwanza, watu wakae chini na wavae majaketi ya kuokolea maisha. Tia nanga kama kina kinaruhusu, ili upepo usikusukume. Kisha tafuta sababu moja moja, kwa mpango:

Je, mafuta yapo? Kitundu cha hewa cha tangi kimefunguliwa? Mpira wa mafuta umekunjika au umechomoka? Klipu ya kuzimia iko mahali pake? Plagi ni kavu? Pangaboi limenaswa na nyavu?

Ukibadilisha mambo matano kwa pamoja, hutajua lipi lilikuwa bovu. Badilisha moja, jaribu, kisha nenda kwa la pili. Usifunue mashine ya ndani ukiwa ziwani. Nati ikianguka majini, imekwenda. Chukua makasia urudi, au piga simu kuomba msaada mapema, kabla ya giza.

Kwa hiyo kila boti ibebe: makasia, nanga na kamba, plagi ya akiba, spana ya plagi, pini ya akiba ya pangaboi kama injini yako inaitumia, kisu, tochi, kopo la kukumbia maji, na jaketi kwa kila mtu.

UKARA: FUNZO ZITO

Kutoka Bugolora tunavuka hadi Bwisya, kisiwani Ukara. Maji ni machache, na kisiwa kinaonekana. Watu wa Ukara ni wakulima hodari wanaorutubisha mashamba yao kwa samadi tangu zamani.

Alhamisi tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora kwenda Bwisya. Kilikuwa karibu kabisa kufika. Watu wa Bwisya walikiona. Kikapinduka. Watu zaidi ya 220 walikufa. Baadhi yao walizikwa hapo Bwisya. Siku ya tarehe 22 Septemba waokoaji walimtoa mtu mmoja akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka. Alikuwa fundi wa mitambo wa kivuko hicho. Alikuwa amebaki mahali penye hewa.

Mwaka huo huo injini za MV Nyerere zilikuwa zimefanyiwa matengenezo. Lakini kivuko kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na siku hiyo watu walikuwa zaidi ya mara mbili ya hao.

Ndugu msomaji, tusipite hapa haraka. Injini iliyotengenezwa vizuri haiwezi kusahihisha mzigo uliozidi. Mtu anaweza kufuata kila kipimo cha oili na kukaza kila nati. Kisha akapakia watu kupita kiasi, na kazi yake yote ikapotea. Boti ni kitu kimoja: injini, mwili wake, mzigo, hali ya hewa na watu. Kosa katika kimoja huangusha vyote.

Leo vyombo vya majini hukaguliwa na TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania. Katika mialo mingi kuna BMU, vikundi vya wananchi vya kusimamia uvuvi. Redio hutoa utabiri wa hali ya hewa. Lakini mkaguzi hayupo kila alfajiri. Aliyepo kila alfajiri ni wewe, nahodha wako, na abiria mwenzako. Abiria ana haki ya kushuka na kusema, "Tumezidi." Huo si woga.

DAFTARI LA INJINI

Kabla ya kurudi Mwanza, tuchukue zawadi ndogo. Nunua daftari. Liandike: DAFTARI LA INJINI. Kila mara andika tarehe, kilichofanyika, aliyekifanya, na kilichoonekana. Mfano: "Tarehe 4. Nimebadilisha oili ya gia. Ya zamani ilikuwa nyeupe. Nimetoa uzi wa wavu kwenye pangaboi."

Andika na makosa pia. Ukiandika, "Nilisahau oili, injini ikapata joto," fundi atajua pa kuanzia. Na mwanao atakayeirithi kazi hatalirudia kosa hilo.

Kisha shika utaratibu huu baada ya kila matengenezo: jaribu ndani ya pipa. Halafu jaribu karibu na mwalo, ukiwa na mwenzako mmoja na makasia. Halafu ndipo upakie mzigo.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI AU MWALONI

1. Kwa nini fundi mzee huuliza, "Jana uliifanya nini?"

2. Dumu la lita 10 linataka mililita ngapi za oili, ikiwa kipimo ni lita 1 kwa lita 50?

3. Injini ikitumbukia ziwani na fundi yuko mbali, tuiweke wapi? Kwa nini?

4. Uzi wa maji ukikatika safarini, tufanye nini kwanza?

5. Katika mwalo wenu, boti ikizidisha watu, nani husema? Kama hakuna asemaye, mtaamua nini pamoja?